Kuwaandika Watu kwa Sufuria

Jumatatu, tarehe 9 Machi 1959. Mvua ilianza kabla ya jogoo na ikakatika saa nne. Sasa jua limetoka, mabati yanafuka mvuke, na njia ya kwenda stesheni imekuwa uji.

Ijumaa nilirudisha funguo za ofisi. Leo ni Jumatatu yangu ya kwanza nisiyokwenda kazini. Asubuhi nilivaa viatu, nikakaa navyo, kisha nikavivua.

Vijana wawili wa pale ofisini, wa rejista na wa vipande, wameniomba niwaandikie mambo ya Urambo, maana wanasema kila mtu anayasimulia yake. Sijui kama walimchagua mtu anayefaa. Mimi nilisoma kwa Wamoraviani hadi darasa la nne, na barua zangu za Kiingereza zilipita mikononi mwa watu wengine kabla hazijatoka. Basi nitaandika kama ninavyosema. Nililoliona nitasema nimeliona, na nililolisikia nitasema nimelisikia. Habari za vyeo na mishahara naziruka. Hazikumpatia mtu yeyote kazi.

Ofisi ya kazi, ambayo mjini Tabora wote waliiita leba, ilikuwa vyumba viwili na kibaraza. Siku yangu ya kwanza nilimkuta karani mkuu, Mzee Saidi, mzaliwa wa mjini mwenye asili ya Kimanyema, kanzu nyeupe, sauti ndogo. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniangalia mikono, akaniambia nikaioshe.

Wiki nzima ile sikushika kalamu. Nilishika madole gumba ya watu. Kila mwenye kuandikishwa alipaswa kupiga dole kwenye kipande chake, yaani kadi yake ya kazi, na dole likiwa doa, kipande hakimtambui mtu na mtu hana haki yake. Mzee Saidi alinifundisha kuliviringisha dole taratibu kutoka ukingo hadi ukingo, kama mtu anayesokota tumbaku. Akaniambia nisimkamate mtu mkono kama ninakamata kuku wa kuchinja, maana mtu mwenye hofu hukaza kidole. Mpaka leo nikisalimiana na mtu ninamtazama dole kwanza. Mke wangu anasema ni adabu mbaya.

Mengine aliyonifundisha nayataja kwa kuwa bado yanafaa. Weka benchi mbele ya meza, maana aliyesimama anajibu kwa mkato na aliyeketi anakumbuka. Anza kwa penseli, wino baadaye. Usimwulize mtu cheo chake kilikuwa nini, mwulize jana asubuhi alishika nini. Kwa swali hilo nimepata mafundi wa mashine walioandikwa vibarua, na mafundi wengine ambao kwa kweli walishika ufagio tu. Na la mwisho, ambalo alilirudia mara nyingi: ukimficha tajiri kasoro ya mtu unayemletea, hujamsaidia yule mtu. Umempa wiki moja tu.

Miaka kadhaa ikapita namna hiyo. Kisha likaja jambo la Urambo.

Wengi wenu mnaijua Urambo ya tumbaku. Vita vilipokwisha, pale palikuwa pori la miombo, na likaja wazo la kulima karanga kwa mashine. Niliona kwa macho yangu makatapila mawili yakivuta mnyororo mmoja kati yao, na miti inalala chini kama nywele zinazochanwa. Wakaja watu maelfu, wakajengewa kambi. Halafu likaja neno kwamba kazi inapunguzwa. Kwa nini ilipunguzwa? Wapo wanaosema mvua, wapo wanaosema udongo, wapo wanaosema mahesabu ya Ulaya. Mimi sikuwepo walipoamua, kwa hiyo sina la kusema.

Mkubwa wetu wakati ule alikuwa Mwingereza kijana, mrefu, mwenye homa za mara kwa mara. Watu walimwita Bwana Leba. Ni yeye aliyesema kwamba mtu aliyepunguzwa asipewe tu waranti, tiketi ya serikali ya treni ya kurudi kwao, bali atafutiwe kwanza kazi nyingine. Hapakuwa na desturi hiyo. Wazo lilikuwa lake, nami namwandikia haki yake.

Akanituma Urambo na meza ya kukunja, sanduku la bati la rejista, kidau cha wino na baiskeli. Nikafungua meza katika ghala lililokuwa la majembe. Asubuhi ya kwanza foleni ilifika hadi kwenye tangi la maji.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mimi ni Mnyamwezi. Pale kambini walikuwepo Waha, Wasukuma, Wagogo, Wamanyema, na wengine waliotoka mbali zaidi. Niliogopa sana mtu asije akasema karani amewapendelea wa kwao. Basi nikawapanga wote kwa kazi ya mikono yao, na ndani ya kila kazi nikawapanga kwa alfabeti. A akatangulia, Z akafunga. Nikaona hiyo ndiyo haki, imenyooka kama reli. Maombi ya waajiri yalipoanza kuja, watu ishirini wa kutengeneza njia ya reli upande wa Kigwa, madereva wa mgodini Mpanda, wapanda miche wa tumbaku, nikachukua kalamu nikahesabu kutoka juu ya orodha. Kwa wiki mbili nikapeleka watu kila treni. Bwana Leba alinipa mkono. Nilimwandikia mke wangu barua ndefu ya majivuno, nashukuru aliipoteza.

Wiki ya tatu wakaanza kurudi.

Walirudi wawili wawili, watatu watatu. Wa Kigwa walikuja kwa miguu, wakifuata reli. Niliwauliza sababu, na kila mtu alinipa yake. Mmoja alisema maji ya kule hayakumfaa. Mwingine alisema ameota vibaya. Wa tatu alisema mnyapara ana sauti ya fisi. Mimi nikayaandika yote kwenye safu ya sababu: maji, ndoto, sauti. Bwana Leba aliisoma safu ile mara mbili, akaiweka chini polepole.

Akasema hawa watu hawataki kazi. Hakusema kwa hasira, naye alikuwa akibanwa na wakubwa wake. Mwisho wa mwezi, akasema, meza itafungwa, kambi itabomolewa, na kila aliyebaki atapewa waranti ya kwao.

Kwa wengine haikuwa adhabu, kwao palikuwepo. Lakini wapo waliokuwa na kwao kwa jina tu. Wa namna hiyo alikuwa Chiwanga, Mgogo, mpishi, mtu mzima, jicho lake la kushoto limefunga ukungu. Ndugu zake waliisha wakati wa njaa, naye akatembea kazi hadi kazi miaka ishirini. Nilipomtajia waranti, aliniuliza ya kwenda wapi. "Andika mbinguni," akasema, "daraja la tatu."

Niseme kwamba Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu misafara ya pembe ilipokuwa ikipita Ugogo kwenda pwani. Kwa hiyo Chiwanga aliweza kuniambia lolote mbele ya watu, hata mezani pangu penye mhuri wa serikali, nami sikuwa na ruhusa ya kukasirika.

Siku moja alirudi Masanja. Huyu alikuwa dereva wa katapila, kijana wa Nzega, mkono wake mtulivu. Nilimpeleka Mpanda kwenye kazi nzuri kuliko ile aliyoiacha, na nyumba ya bati. Akatokea mezani kwangu siku ya tisa, kofia mkononi. Nikamwuliza kazi ilikuwa na ubaya gani.

"Haina ubaya, Karani. Kazi nzuri."

"Sasa?"

Akatazama chini. "Nilishikwa na homa siku mbili. Hakuna aliyebisha hodi."

Nikachovya kalamu nikaandika: homa. Nikasikia mtu anacheka. Alikuwa Chiwanga, ameegemea mlango na mwiko wake.

"Andika vizuri, Mnyamwezi," akasema. "Andika kwamba karani hajui kufunga mzigo."

Nikamwambia Mgogo akangoje nje, hapa hatugawi unga.

"Babu yako alibeba pembe kutoka Ujiji mpaka pwani. Akapita kwetu, akanywa maji yetu. Alipita peke yake?"

"Walipita mamia."

"Na walikula mamia?"

Jibu nilikuwa nalo. Baba alinisimulia nikiwa bado siijui hata A. Msafara uliweza kuwa na watu mia nne, lakini hawakula mia nne. Walijigawa kambi kambi, wanane au kumi, kila kambi na sufuria yake. Mtu akiugua, wa sufuria yake waligawana mzigo wake. Akifa, wao ndio waliochimba. Waliobaki njiani, baba alisema, aghalabu ni wale waliopoteza sufuria yao.

"Huyu Masanja anakula kwangu," Chiwanga akasema. "Ni saba, nami wa nane. Mmoja umemtupa Mpanda, wawili Kigwa, mmoja kwenye tumbaku. Ati haki. Umefungua mzigo katikati ya njia, halafu unashangaa pembe zinarudi."

Watu wa foleni walicheka, na mimi nikacheka kwa sababu ya utani, lakini uso wangu ulikuwa umepata moto. Sikuwa na hakika. Huenda alikuwa anajitetea tu. Nikamwandikia Mzee Saidi barua ya kurasa tatu nikimweleza yote na kumwomba shauri. Jibu lilikuja kwa treni ya siku ya pili, mstari mmoja: "Na wewe huko unakula na nani?"

Nilikuwa nakula peke yangu, ghalani, juu ya sanduku la rejista.

Kesho yake nilifunga meza saa sita mchana, nikachukua daftari tupu, nikapita kambini wakati wa kula. Sikuuliza majina kwanza. Niliuliza sufuria hii ni ya akina nani. Kila sufuria nikaichorea duara, na ndani ya duara nikaandika waliokaa kuizunguka, kila mmoja na kazi ya mikono yake. Chiwanga alitembea nami, akinisahihisha. Huyu amekaa hapa kwa sababu ya nyama tu, mtoe. Yule anakula pale lakini leo wamegombana, mrudishe. Yalitoka maduara arobaini na kitu. Na niliona jambo ambalo alfabeti ilinificha: karibu hakuna sufuria iliyokuwa ya kabila moja. Muha alikula na Msukuma, Mmanyema na Mnyamwezi. Ule upendeleo niliouogopa haukuwepo hata kidogo kambini. Ulikuwa kichwani mwangu.

Nikampelekea Bwana Leba. Aliyatazama maduara muda mrefu, akauliza kama ni michezo ya watoto. Nikamweleza habari za misafara kwa Kiingereza changu, kikakatika, nikaendelea kwa Kiswahili. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: zimebaki siku kumi na tano. Nimpate mwajiri mmoja, mmoja tu, atakayekubali kwa maandishi kuchukua sufuria nzima bila kuivunja, na wakae kazini wiki moja. Nikimpata, meza inabaki wazi. Nisipompata, kambi inabomolewa.

Mwajiri wa tumbaku alicheka. Alisema yeye anaajiri mikono, vyombo vya jikoni anavyo. Msimamizi wa reli alisema anataka migongo, si familia. Sikuwalaumu. Mtu aliyeomba dereva mmoja ukimletea watu wanane, lazima ashangae.

Siku ya tano likaja ombi kutoka Kaliua. Kalasinga mmoja, Bwana Harnam, mwenye kinu cha kupasua mbao za mninga, alitaka vijana saba na mmoja wao ajue mashine. Masanja alijua mashine. Sufuria yao ilikuwa na vijana saba, na wale wanne niliowatawanya walikwisha kurudi wote. Wa nane alikuwa Chiwanga, ambaye dresa, yule mtibabu wa kambi, alishamkagua na kuandika kwenye cheti chake: hafai.

Hapa nakiri jambo. Nilitaka kuchagua sufuria nyingine, isiyo na mzee. Nilikwenda kumwambia Masanja hivyo, kwa upole, nikamweleza kwamba jambo kubwa la watu wote limening'inia hapa, na jicho moja lisije kuliharibu. Masanja alikuwa kijana wa adabu, hakunipazia sauti.

"Basi, Karani," akasema, "umerudi kwenye alfabeti yako."

Tulipanda treni ya Kaliua watu tisa, na sufuria imefungwa mgongoni mwa mmoja wao. Chiwanga alikaa dirishani akiwahesabia abiria mabaya ya Wanyamwezi, na abiria, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walimletea mengine aliyoyasahau.

Bwana Harnam alikuwa mtu mpana, kilemba cha buluu, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Msumeno ulikuwa unalia nyuma yake. Alihesabu kwa kidole.

"Nimeomba watu saba. Hawa ni saba na babu."

Nikamweleza. Akasikiliza kwa sikio moja, la pili liko kwenye msumeno. Akasema watu wake wanajipikia wenyewe, mpishi wa nini? Nikamwuliza kama watu wake wanakaa. Akageukia nyumba za wafanyakazi, nami nikaona nusu ya milango imefungwa kwa kamba, hazina mtu.

Ikapigwa kengele ya saa sita. Msumeno ukanyamaza. Watu wakatawanyika, kila mmoja njia yake, huyu kutafuta moto, yule kutafuta maji, wa tatu na kijisufuria chake. Mwanzoni nilidhani watarudi upesi. Saa saba ikapita. Bwana Harnam alitoa saa mfukoni, akairudisha, akaitoa tena. Saa nane kasoro wakaanza kuonekana mmoja mmoja, na wa kwanza kufika alikaa akimngoja wa mwisho, maana gogo la mninga halisukumwi na mtu mmoja.

Chiwanga, ambaye muda wote alikuwa ameketi juu ya mbao, akauliza kwa heshima:

"Bwana, msumeno wako mchana unafanya kazi gani?"

"Mchana unalala."

"Kila siku?"

Bwana Harnam akaitazama tena saa yake.

"Nipe pipa moja lililokatwa," Chiwanga akasema, "na unga wa watu wote mahali pamoja, na yale maganda ya mbao unayoyachoma bure kule nyuma. Saa saba kamili watu wako wamekaa hapa, wameshiba, wanakungoja wewe."

Tajiri akanigeukia. "Huyu dresa amesema nini juu yake?"

Vijana, ninyi mtakuja kuulizwa swali hili. Cheti kilikuwa mfukoni mwangu. Ningeweza kusema kimebaki Urambo. Masanja alikuwa ananitazama, na Chiwanga hakunitazama kabisa. Nikakitoa nikampa.

Akakisoma. "Hapa imeandikwa hafai."

"Hafai kubeba," nikasema. "Habari ya kupika hakuulizwa."

"Na jicho?"

"Bwana," Chiwanga akasema, "ugali unasongwa kwa mkono."

Bwana Harnam alicheka kwa pua, kidogo tu. Akachukua kipande cha karatasi, akakiweka juu ya ubao, akaandika: wote wanane, wiki moja. Akasema babu akichelewesha chakula hata siku moja, wanane wote wanarudi kwangu. Akatia sahihi. Nikarudi Urambo na karatasi ile ndani ya kofia, mvua inanyesha.

Wiki ile ndiyo iliyonifundisha kwamba kufunga mzigo ni kazi ndogo kuliko kuutazama ukiondoka. Kila treni iliyotoka Kaliua nilikwenda stesheni. Jumatatu hakushuka mtu. Jumatano akashuka mwuza samaki. Nikajiambia kwamba huenda nimewaponza watu saba wenye afya kwa ajili ya mmoja, na huenda Bwana Leba ndiye aliyekuwa sahihi. Kambini watu walikwisha kuanza kung'oa milango ya vibanda kwa ajili ya kuni.

Siku ya nane, mwezi umebakiza siku mbili, treni ilisimama na akashuka mmoja wa wale saba, na mkeka wake kwapani.

Nilikaa juu ya baiskeli nikashindwa kushuka. Akanijia, akaniamkia, akasema yeye ameacha. Hapendi sauti ya msumeno, inamwingia kwenye meno. Nikamwuliza wenzake wako wapi. Akasema wapo. Nikamwuliza mzee. Akaingiza mkono kifuani akatoa barua, akasema tajiri amempa aniletee kwa kuwa anakuja huku huku.

Nilimpelekea Bwana Leba ikiwa haijafunguliwa. Niliona ni haki, iwe mbaya au nzuri, aione kwanza yeye. Aliisoma mezani pangu, mbele ya foleni, kisha akanipa niisome kwa sauti. Ilikuwa fupi, kwa Kiswahili cha penseli:

"Huyu anayeleta barua hapendi kelele, si kosa la mtu. Wengine wako kazini. Niletee sufuria tatu. Moja iwe na mtu wa kunoa msumeno. Saa saba mashine inapiga. Babu abaki."

Kwanza mtu mmoja nyuma aliuliza wenzake amesema sufuria ngapi. Akaambiwa tatu. Ndipo ghala lote likalipuka. Watu walikimbia kambini kuwatafuta wa duara lao. Walitokea na sufuria zenyewe, wanazipiga kwa mwiko, mlio ukafika hadi stesheni.

Bwana Leba alingoja makelele yapungue. Kisha akasema mbele ya wote, kwa Kiswahili chake cha kupanga neno kwa neno, kwamba yeye alisema hawa watu hawataki kazi, na alikosea. Nimefanya kazi na wakubwa wengi, Wazungu na Waafrika. Maneno hayo nimeyasikia mara moja. Akakaa kwenye benchi langu, upande wa wanaoandikishwa, akaniambia: "Haya, andika sufuria tatu."

Meza haikufungwa. Yule wa tumbaku aliyecheka alikuja mwenyewe kwa lori, akaulizia kama zimebaki sufuria nzuri, kana kwamba yuko sokoni. Nilimpa mbili, bila kumkumbusha kicheko chake. Au tuseme nilimkumbusha kidogo. Msimamizi wa reli alichukua tano kwa ajili ya Kigwa, na safari hii hakuna aliyerudi kwa kufuata njia. Sufuria ya mwisho ilipanda treni nikiwa nimesimama penye jukwaa. Walioomba kwenda kwao walikwenda, kwa hiari yao. Siku wabomoaji walipofika kambini, hawakumkuta mtu wa kumtoa.

Chiwanga naye aliniletea salamu kwa mdomo wa gadi wa treni. Alisema niambiwe kwamba aliyetoroka Kaliua alikuwa Mnyamwezi, na tangu aondoke unga unatosha.

Nimesema ukweli wote kadiri ninavyoukumbuka. Namna hii si yangu. Ni ya wapagazi, na aliyenikumbusha ni Mgogo, aliyeiruhusu ni Mwingereza, na aliyeijaribu kwa mali yake ni Kalasinga. Mimi nilichora maduara. Lakini mgodi wa Mpanda ulipopunguza watu baadaye, nilikwenda moja kwa moja wakati wa kula, sikuanza na majina, na niliwapeleka wote kabla mwezi haujaisha. Siku hiyo sikuwa na shaka hata kidogo, na ninaliandika hili kwa kuwa halikunitokea mara nyingi.

Chiwanga bado anapika Kaliua. Anayo mapipa matatu sasa, na watu wawili chini yake, wote Wanyamwezi, nasikia amewachagua kwa makusudi. Masanja ndiye mnyapara wa kinu. Mwezi uliopita vipande vipya vilifika kutoka Dar es Salaam, vimepigwa chapa, na chini ya mstari wa jina upo mstari mwingine: anakula na nani. Yule kijana wa vipande aliniuliza kama ni lazima kuujaza. Nikamwambia aanzie hapo.

Mvua imerudi. Jioni hii tumekula ugali wa mtama kwa uyoga ambao mke wangu na binti yetu waliuchuma porini jua lilipotoka, na asali kidogo mwishoni.